Msiseme Muda Mfupi: Nilivyouimba Msiba wa Mdogo Wangu

Mdogo wangu alimalizwa na unga wa heroini. Naianza habari hii hivyo kwa sababu nyumbani kwetu sentensi hiyo ilichukua muda mrefu kutamkwa, na wimbo ninaousimulia hapa haungepatikana kabla haijatamkwa mbele ya Mama. Mimi ni mwanamuziki wa kujitegemea jijini Nairobi. Napiga gitaa, naimba, sina lebo wala meneja, na kila wimbo nautoa kwa pesa za harusi, sherehe za kampuni na jioni za mikahawa ya mjini. Tangu wimbo huo utoke, wasanii wenzangu waliofiwa kwa njia hiyo hiyo huniuliza maswali yale yale: nianze wapi, nimwambie nani, itanigharimu pesa ngapi, na je, ni halali kuuza msiba? Nitawajibu kwa kusimulia yaliyonikuta, na nitakaa zaidi pale ambapo sisi tulikosa mtu wa kutueleza.

Alikuwa makanga. Alifanya kazi kwenye matatu za Jogoo Road tangu amalize kidato cha nne, na kuanzia Makongeni hadi City Stadium watu walimjua kwa sauti kabla ya sura. "Mmoja tu, twende!" ndio uliokuwa wito wake, hata gari likiwa na viti vitano vitupu. Abiria wanakimbia, wanaingia, wanagundua wamechezewa, wanacheka. Yeye anaupiga ubavu wa gari kwa kiganja mara mbili, dereva anaondoka. Nataka umjue hivyo kwanza. Nyimbo nyingi kuhusu watu wa dawa huanza na sindano, na msikilizaji akishaonyeshwa sindano hamwoni tena mtu.

Unga ulimpata kidogo kidogo. Alianza kwa kuvuta uliochanganywa na bangi, akisema unamsaidia kustahimili saa za kazi, baadaye akaanza kujidunga. Nyumbani tuliona vitu vikiondoka: redio, mtungi wa gesi, sufuria alizopewa Mama siku ya harusi yake, viatu vyangu vya jukwaani. Tuliiona arosto pia kabla hatujajua kuwa inaitwa hivyo: miayo isiyoisha, makamasi, vinyweleo kusimama, tumbo kuendesha, mifupa kuuma hadi anajikunja sakafuni akiomba shilingi mia mbili tu. Asiyewahi kumwona mtu wake katika hali hiyo asimhukumu mama aliyezitoa zile mia mbili.

Chama cha Mama, watu wa kanisa na jamaa walichanga, tukampeleka kituo kimoja cha kurekebisha tabia, rihabu, nje ya jiji. Tulilipa shilingi 45,000 kwa mwezi, mbali na sabuni, chakula cha ziada na malipo mengine yaliyokuwa yakizuka kila tulipokwenda kumtembelea. Miezi mitatu ilipoisha alitoka amenenepa, ana cheti, anaulizia habari za gari lake. Tulimpikia kuku. Kabla hata hajarudishiwa kazi alikutwa amekufa kwenye chumba cha rafiki yake upande wa Kariobangi, na hakuna aliyekuwa naye.

Siku tulipokwenda kumchukua, hakuna mhudumu aliyetuambia jambo ninaloliandika sasa, na ndiyo maana naliandika kwa urefu. Mwili ulioacha unga kwa wiki kadhaa hauwezi tena kubeba kiasi ulichokizoea. Mtu akiteleza akarudia kipimo chake cha zamani, pumzi hupungua mpaka zikakatika. Hatari huwa kubwa zaidi anapotoka rihabu, hospitali au jela, yaani wakati ule ule familia inaposhangilia. Ukimkuta mtu anakoroma mkoromo mzito usio wa kawaida, midomo na kucha zimegeuka rangi, mboni za macho zimesinyaa, na ukimwita na kumtikisa haamki, mlaze kwa ubavu, tafuta msaada, na usimwache peke yake. Iko dawa inayoitwa naloksoni ambayo humrudishia mtu pumzi ndani ya dakika chache. Nguvu yake lakini huweza kuisha mapema kuliko ile ya unga, kwa hivyo hata akiamka na kusema yuko sawa, lazima afike hospitali.

Tulimzika Vihiga. Kamati ya mazishi ilikutana Makongeni kila jioni, kundi la WhatsApp likajaa majina na michango, na mtu mmoja akapewa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu. Uliposomwa mbele ya umati ulisema kwamba aliaga dunia baada ya kuugua kwa muda mfupi. Kila aliyetoka Nairobi alijua. Mama aliinamisha kichwa. Sikumlaumu mwandishi, kwa sababu wasifu mwingi hapa kwetu huandikwa kwa maneno hayo hayo, na maneno hayo huwakinga waliobaki. Ila kwenye basi la kurudi, tukiwa bado hatujafika Nakuru, niliandika kwenye simu:

Msiseme muda mfupi, mimi nilikuwapo,
redio ilipoondoka, na gesi ikawa haipo.

Mistari hiyo miwili ndiyo iliyobaki kutoka rasimu ya kwanza. Mingine yote ilikuwa ya hasira, na hasira ilizidi nilipoanza kujua habari za methadoni, dawa anayopewa mtu hospitalini badala ya unga. Hospitali ya Mathari, pale Thika Road, ilianza kuitoa mwishoni mwa 2014, kisha Ngara nako kukawa na kliniki. Ni dawa ya majimaji. Mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu, inazuia arosto kwa takribani saa 24, naye anaweza kwenda kazini. Kituo tulichokilipa kilitufundisha kwamba dawa ni dawa, hakuna tofauti, mtu aache zote. Wiki chache baada ya mazishi nilikwenda Ngara asubuhi kuiona foleni hiyo kwa macho yangu. Kulikuwa na wanaume waliovaa maovaroli ya kazi, mama aliyebeba mtoto mgongoni, kijana wa umri wa mdogo wangu akisoma gazeti la mwenzake kutoka nyuma. Nilisimama ng'ambo ya barabara nikalia. Nilirudi nyumbani nikaandika kurasa za matusi kwa wauzaji, kwa polisi, kwa kituo, hata kwa Mungu.

Ziandike hizo kurasa. Usijizuie na usizichane. Lakini usizipeleke studio. Nilizisoma tena baada ya muda nikagundua kwamba mdogo wangu hayumo ndani yake hata mara moja. Walikuwamo adui zangu tu. Prodyuza mmoja alinishauri tuutoe wimbo haraka kabla msiba haujapoa, watu wakiwa bado wanaweka picha zake mitandaoni, na juu yake tupige biti ya klabu. Alikuwa na nia ya kunisaidia na anaijua biashara. Nilimshukuru, nikamtafuta mwingine. Wimbo wa namna hii ukitolewa ndani ya wiki za kwanza utaulizwa maswali na watangazaji wakati wewe mwenyewe hujapata majibu, na jibu utakalolitoa ukiwa katika hali hiyo litabaki mtandaoni.

Kiitikio kilikuja kupitia matatu. Nilikuwa nimeketi kiti cha nyuma nikitoka mjini, makanga mgeni kabisa akaita "Mmoja tu, twende," nikashuka stendi isiyo yangu ili nirekodi kwenye simu kabla sauti haijanitoka kichwani. Katika beti la kwanza ni yeye anayewaita abiria. Katika beti la pili ni Mama kwenye lango la rihabu akiomba mwezi mmoja tu wa nyongeza. Katika beti la mwisho hakuna anayeimba maneno hayo. Gitaa linaendelea, kisha naupiga mwili wa gitaa kwa kiganja mara mbili. Mafundi wawili wa sauti walitaka kuweka ngoma ya kielektroniki mahali hapo, nikakataa. Niliuweka kwenye mwendo wa muziki wa benga, kasi ya katikati, kwa sababu naamini wimbo wa huzuni si lazima ukokotwe. Benga inaweza kubeba neno zito huku mguu unagonga sakafu, na mdogo wangu hakuwahi kupenda wimbo asioweza kuuchezea mlangoni mwa gari.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kila anayeniuliza hulipita haraka, nalo ndilo kubwa kuliko yote: msiba si wako peke yako. Unaimba kuhusu mtoto wa mtu, ndugu ya mtu, pengine baba wa mtoto ambaye siku moja atausikia huo wimbo shuleni. Kabla ya kulipa hata shilingi ya studio niliichukua rasimu niliyoirekodi kwa simu nikaenda nayo kwa Mama. Ndani yake nilikuwa nimeweka kipande cha sauti ya mdogo wangu mwenyewe, ujumbe aliowahi kunitumia akiwa barabarani, anaita abiria, anacheka, halafu ananiomba nauli ya kesho. Niliamini Mama atayakataa maneno na kuipenda sauti.

Alikuwa anakata sukuma. Alisikiliza mpaka mwisho bila kusimamisha kisu, majani yakiendelea kuanguka kwenye karai, membamba sana kuliko anavyoyakata siku zote. Kisha akasema, "Maneno imba. Ni kweli. Sauti yake iache hapa nyumbani."

Nilijaribu kumweleza kwamba kipande hicho ndicho kitakachowagusa watu. Akaniambia, "Najua kitawagusa. Mimi ndiye nitakayekutana nacho nikipanda gari kwenda sokoni." Sikuwa na la kujibu. Niliitoa sauti, na mahali pake pakabaki yale makofi mawili kwenye gitaa. Wimbo ukawa bora kwa hilo, lakini hata kama ungeharibika ningeitoa tu.

Baba mdogo alikuwa mgumu zaidi. Hoja yake ilikuwa kwamba kuna vijana wengine katika ukoo, wanataka kuoa na kuolewa, na jina la familia likihusishwa na unga nani atawakaribisha? Hofu hiyo ina msingi, na kuipuuza kwa kusema eti sanaa haina mipaka ni kuwaumiza watu waliokwisha umia. Tulikubaliana mambo yaliyoandikwa kwenye karatasi moja tu: jina la ukoo halitatajwa, kijiji hakitatajwa, picha za marehemu hazitatumika, na katika mahojiano nitasema "mdogo wangu" basi. Mama alitia sahihi, baba mdogo akatia, nami nikatia. Karatasi hiyo imeniokoa mara nyingi mtangazaji anapobana aone picha. Namwambia familia ilikataa, na mazungumzo yanaendelea.

Studio nilikodi upande wa Umoja, ghorofa ya tatu, shilingi 1,500 kwa saa. Mpiga besi nilimlipa 3,000, naye akarudisha 1,000 kama rambirambi. Kuchanganya na kukamilisha sauti kulikula 8,000. Ukiongeza nauli, chakula cha watu na saa ambazo nilikaa tu kwenye kiti nikiwa siwezi kuimba, jumla ilipita elfu ishirini kidogo. Saa za kulia nazo zinalipiwa, kwa hivyo ziweke kwenye bajeti, au ongea na mwenye studio akupangie bei ya siku nzima. Ukilia koo hukaza na pumzi huwa fupi, na noti za juu hazifiki. Nilishusha wimbo kwa nusu toni mbili, nikaanza na beti la Mama kwa kuwa ndilo gumu zaidi, nikiwa bado nina sauti, na nikamwomba fundi asinichezeshee nilichoimba mpaka tumalize yote. Kipande kimoja kina mkwaruzo kwenye neno "langoni". Tulijaribu kukirudia kikawa safi, na kikawa kimekufa. Tukaacha mkwaruzo.

Kuhusu haki, nitasema machache. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001 kazi inalindwa mara inaporekodiwa au kuandikwa, lakini kuisajili KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, kunakupa ushahidi mizozo ikitokea. Kabla ya kuondoka studio andikeni nani ametunga nini na kwa asilimia ngapi, mtie sahihi, hata kama prodyuza ni rafiki yako na hata kama umefiwa. Hasa kama umefiwa, maana hutakumbuka mlichoongea. Mirabaha, yaani malipo ya kazi yako inapotumiwa, hukusanywa na vyama vyenye leseni. Upande wa watunzi umekuwa na mivutano ya leseni, kwa hiyo waulize KECOBO ni chama kipi kimepewa leseni mwaka huo kabla hujajiandikisha. Kwa miito ya simu ya Skiza, ile anayoisikia mtu akikupigia, marekebisho ya sheria ya 2022 yalisema mwenye kazi apate angalau asilimia 52. Soma mkataba wa mtu wa kati kabla ya kumkabidhi wimbo, umuulize asilimia zake anazitoa upande upi.

Wimbo ulianzia kwenye magari. Niliuweka kwenye flashi nikazipeleka kwa makanga waliofanya kazi na mdogo wangu, nao wakaupiga Jogoo Road bila mimi kulipa chochote. Dereva wake wa zamani aliniambia kwamba makofi yale mawili yalipotokea mara ya kwanza aliweka gia na kuondoka kabla hajafikiri. Redio zilikuja baadaye.

Kwa video nilikuwa na sharti moja, nalo naliomba kwa kila msanii: usionyeshe sindano, wala unga, wala moto chini ya kijiko. Mtu anayejitahidi kuacha anaweza kuamshiwa hamu kwa kuviona tu, na atakuwa peke yake na simu yake usiku. Sisi tulipiga picha za gari tupu likioshwa asubuhi, kwa simu, na ilitosha. Vivyo hivyo kwenye maonyesho. Mahali ambapo pombe ndiyo biashara kuu siuimbi wimbo huu, hata malipo yakiwa mazuri. Naimba nyingine.

Jambo ambalo sikulitarajia ni ujumbe. Kina mama, wake, na watoto wa shule wananiandikia usiku wa manane wakinieleza habari ambazo mtu hawezi kuzibeba peke yake. Wengine wako katikati ya tukio lenyewe: kaka yangu anatetemeka sasa hivi, nifanye nini? Mimi si daktari wala mshauri. Nimetayarisha jibu ambalo nalituma kwa kila mmoja kabla ya neno langu lolote. Lina nambari 1192 ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ambayo kupiga ni bure, lina Mathari na Ngara, lina zile dalili za mtu aliyezidisha, na lina onyo kuhusu siku za kwanza baada ya kutoka rihabu. Baada ya hapo ndipo nasema pole. Tayarisha jibu lako kabla wimbo haujatoka. Na utafute mtu wako wa kuongea naye. Mimi nakwenda kwa mshauri nasaha, na wiki ninazokosa kwenda Mama huzijua kwa kuniangalia tu.

Kama ni halali kuuza msiba? Nilimuuliza Mama, kwa kuwa ndiye mwenye haki ya kujibu. Akaniuliza pesa zitafanya nini. Methadoni yenyewe haiuzwi kliniki, lakini lazima uende kila siku, na asiye na kazi akishakosa nauli ya asubuhi amekosa dozi. Kwa hivyo sehemu ya kinachoingia kutokana na wimbo huu ni nauli ya kijana mmoja wa stendi ile ile ya mdogo wangu, Makongeni hadi Ngara na kurudi. Mama ndiye anayemtumia kwa M-Pesa kila jioni, na ikifika saa tatu asubuhi kabla hajapata ujumbe kwamba amekunywa, anampigia simu. Sehemu nyingine ni yangu. Nimelipa kodi ya nyumba kwa wimbo huu na siioni aibu, nimeufanyia kazi.

Siku hizi naalikwa kuuimba kwenye mazishi, mara nyingi ya vijana. Huwa nazungumza kwanza na mama wa marehemu, au mke, yule ambaye wimbo utamkaa, si na mwenyekiti wa kamati. Namwomba ausikilize wote kwenye simu, nje ya umati, na namuuliza wasifu utasema nini. Kama wasifu utasema muda mfupi, siuimbi, maana nitakuwa nimempinga mbele ya watu wake siku ambayo hana nguvu za kujibu. Wapo wanaonyamaza kidogo, wakamwita mwandishi, wakabadilisha mstari ule. Wapo wanaosema hapana, bado. Kwa hao naimba tenzi walizozichagua wao, na malipo yangu yanabaki yale yale.